Picha Irudi kwa Mwenyewe

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya vijana wanaoingia katika upigaji picha za habari. Wanapokuja kwangu huuliza wanunue lenzi gani, gazeti lipi linalipa, na kitambulisho cha waandishi kinapatikanaje. Hakuna anayeuliza mtu hulalaje usiku baada ya kutoka kwenye ajali. Mimi swali hilo nimeishi nalo. Mungu alinivusha kwa mikono ya watu, na yaliyonivusha sina haki ya kukaa nayo kimya.

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa inakuja bandarini kwetu, nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na mjomba wangu alikuwa miongoni mwa abiria. Baadhi ya waliokufa walizikwa Igoma. Yeye hakutambuliwa. Bibi akabaki na picha moja tu ya mwanawe, ile ndogo ya pasipoti aliyopiga kwa ajili ya kitambulisho cha kazi. Aliiweka ndani ya Biblia, na kila aliyekuja kutoa pole alionyeshwa. Nilipoona watu wazima wanaipokea kwa mikono miwili, nikajua kazi nitakayoifanya.

Nilijifunza katika studio ya mzee mmoja aliyekuwa akiyauzia magazeti picha. Zilikuwa enzi za filamu: mkanda mmoja picha 36, na kila ukibonyeza, fedha imetoka. Alinifundisha kusafisha picha katika chumba cha giza, na kumbembeleza dereva wa basi la Dar es Salaam aifikishe bahasha kwa mhariri. Tukisubiri picha zikauke, alinisimulia habari za Mohamed Amin, mpiga picha aliyekulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliigusa dunia nzima. Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono wa kushoto ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996, pale ndege ya Ethiopia aliyosafiri nayo ilipotekwa ikaangukia baharini huko Comoro. Mzee akimaliza simulizi hiyo alikuwa akiniambia, "Mwanangu, usiwasikilize wanaosema sisi tunakula raha ya kusafiri bure."

Kweli nilisafiri, na nilifurahi. Mpiga picha wa gazeti akiamka asubuhi hajui usiku atalala wapi. Jumamosi uko CCM Kirumba, umekaa chini nyuma ya mstari wa goli karibu na kibendera cha kona, kamera umeiweka kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Goli likiingia hushangilii wala husikitiki. Unamtafuta kipa aliyefungwa, maana habari iko usoni kwake. Kesho yake uko Mwaloni Kirumba kabla hapajapambazuka, wachuuzi wanapanga bei ya dagaa kwa mwanga wa tochi. Wiki nyingine uko bungeni Dodoma ukisubiri dakika waziri atakapoinua uso kutoka kwenye karatasi, au Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, nyumbu wamejaa ukingoni mwa mto Mara na hakuna anayethubutu kuruka wa kwanza.

Zipo kazi zilizonifundisha adabu. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipotikisa Kanda ya Ziwa, nilitumwa kituo cha Buhangija, Shinyanga, walikokuwa wakihifadhiwa watoto. Nilizima flashi, kwa sababu macho yao huumizwa na mwanga mkali. Nilikaa nao chini, nikawaacha waishike kamera na kupigana picha wao kwa wao, ndipo nikaanza kazi. Gazetini sikuweka jina la mtoto wala la kijiji chake, ili picha isimwongoze adui mlangoni kwao. Septemba 10, 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipoipiga Kagera, nilipita Bukoba nikiwapiga picha watu walioketi nje ya nyumba zilizopasuka, wanaogopa kuingia kuchukua hata sufuria. Kila mahali nilikuwa nikiuliza jina, na kila jina nikaliandika daftarini.

Halafu ikaja Ukara.

Alhamisi, Septemba 20, 2018, ilikuwa siku ya gulio Bugolora, kisiwani Ukerewe. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kinawarudisha watu kisiwa cha Ukara na bidhaa zao. Kivuko hicho kilitengenezwa kubeba abiria 101, lakini siku hiyo kilibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Kikapinduka kikiwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika gati la Bwisya, huko Ukara. Waliokufa walizidi 220.

Nilifika Ijumaa. Kivuko kilikuwa kimegeuka, kilichobaki juu ya maji ni tumbo lake, na boti zilikuwa zinakwenda na kurudi. Mpiga picha mahali kama pale ana kazi mbili zinazovutana: kuionyesha nchi ukubwa wa msiba, na kuwasitiri waliofiwa. Nilitumia lenzi ndefu, nikasimama mbali. Nilipiga kamba, nilipiga migongo ya wapiga mbizi, nilipiga kina baba wakipokezana majeneza. Sura za marehemu sikuzipiga. Jumamosi wapiga mbizi walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai. Tangu Alhamisi alikuwa amejibanza humo ndani mahali palipobaki hewa. Kilio na shangwe vilichanganyika ufukweni. Jumapili tukazika.

Siku ile ya mazishi mama mmoja alinijia, kanga ameifunga kiunoni. Aliniangalia, kisha akaiangalia kamera. "Dada, si wewe uliyekuja gulioni Bugolora na hiyo kamera? Mwanangu hukumpiga?"

Miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimeandaa makala ya picha kuhusu gulio lile. Nilimwambia, "Nitatafuta, mama." Akanitajia jina la kijana wake, nikaliandika.

Picha zangu zilitoka ukurasa wa mbele, na mhariri akanipigia simu kunipongeza. Nikarudi nyumbani, nikaoga, nikafua nguo, nikazifua tena. Usingizi ukanikimbia. Nikifumba macho nilikuwa nasikia nyundo juu ya bati la kivuko. Mtoto akiangusha sahani jikoni nilikuwa naruka. Kubwa kuliko yote, nilishindwa kupanda kivuko, na mtu anayefanya kazi Kanda ya Ziwa bila kupanda kivuko ni kama mkulima asiyeweza kukanyaga shamba. Nilikuwa nikifika Kigongo, nikiona magari yanapangwa kuvuka kwenda Busisi, mikono inatoka jasho, namwambia dereva ageuze. Kazini sikusema. Mwanamke katika kazi hii hukaa miaka akithibitisha kwamba anaweza. Nilihofu neno moja la udhaifu lingenirudisha kwenye kupiga picha za semina na warsha.

Aliyegundua ni mzee wangu wa studio. Alikuja nyumbani bila taarifa, akakaa, akauliza, "Mwanangu, unakula? Unalala?" Nikalia mbele yake kama mtoto. Hakunihubiria. Kesho yake asubuhi alinisindikiza hospitali kwa mtaalamu wa saikolojia, akakaa kwenye benchi nje mpaka nilipotoka.

Mtaalamu yule alinieleza kwamba ninachoumwa ni jeraha, na kwamba wanalipata pia wazima moto, wauguzi na askari wanaookoa watu. Mwili ulioona hatari kubwa unaweza kubaki katika tahadhari hata hatari ikishapita. Alinitaka nisimulie yale ya Ukara kwa mpangilio, tangu boti ilipotia nanga hadi nilipoondoka, na nisiruke mahali. Niliporudia mara ya pili na ya tatu, yale mambo yalianza kukaa katika siku zake, yakawa yaliyopita. Kisha akanipa kazi ya kulirudia ziwa kidogo kidogo. Nilianza kwa kusimama tu kwenye gati la Kamanga nikitazama kivuko kinavyopakia. Baadaye nilipanda, mzee akiwa pembeni yangu, nikavuka hadi upande wa Sengerema. Nilitapika. Lakini nilivuka.

Nilipopata nguvu nilifungua picha za gulio la Bugolora. Kijana yule alikuwemo. Hakuwa yeye niliyemlenga. Nilikuwa nampiga muuza vitenge, na yeye alikuwa nyuma, amebeba mzigo begani, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Nilimkuza, nikamsafishia picha kubwa. Nikasafisha na nyingine nyingi za siku ile, za kila uso uliosomeka. Nikasafiri nazo Nansio, Bugolora, nikavuka maji yale yale hadi Bwisya.

Mama alimtambua kwa shati kabla hajaitazama sura. Aliita majirani. Tukatandaza picha zilizobaki juu ya mkeka, watu wakaja, wakainama, wakachukua walio wao. Wapo ambao sikuwa na picha za ndugu zao, na hao walinirudisha kwa bibi yangu na ile picha ya pasipoti. Nikawaomba niwapige wao walio hai, wazee kwanza, kisha watoto. Niliporudi tena nilizileta. Tangu hapo nalala. Sisemi nimesahau, nasema nalala.

Shida haikuwa imekwisha. Mwaka 2020, corona ilipopunguza matangazo ya biashara, gazeti nililolitumikia lilipunguza wafanyakazi, nami nikiwa mmoja wao, mishahara ya nyuma ikiwa haijalipwa. Nikawa mpiga picha wa kujitegemea. Unalipwa kwa picha iliyotumika tu. Nauli ni yako, bima huna, kamera ikianguka umeanguka nayo. Niliuza lenzi ndefu ili nilipe ada. Ndugu walinisihi niache kabisa. Walinikumbusha Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliyeuawa kazini Nyololo, Septemba 2, 2012. Niliwajibu kwamba namkumbuka kila siku, na nakumbuka pia kwamba picha za dakika zake za mwisho, akiwa amezingirwa na askari, ziliiwezesha nchi kuona kilichotokea. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15.

Nikaishi kwa harusi, send-off, ubatizo na picha za pasipoti. Kazi hizo naziheshimu kuliko watu wanavyodhani. Zilinilisha, na zilinirudishia furaha ya kumpa mtu picha yake mkononi siku ile ile na kuona anavyoipokea.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Kumi na tisa walikufa. Gazeti moja lilinitafuta. Nilimpigia mzee, nikampigia na mtaalamu wangu, ndipo nikaondoka. Kigongo nikapanda kivuko nikiwa nimesimama wima. Nilifika jioni, na niliwatafuta wavuvi, kwa kuwa mitumbwi yao ndiyo iliyotangulia kuifikia ndege na watu 24 walitoka hai. Nilipiga mikono yao iliyochubuliwa na kamba, nikaandika majina yao. Niliporudi Mwanza nilipitia kwa mtaalamu kabla sijafika nyumbani. Siku hizi hivyo ndivyo ninavyofanya kila nikitoka kwenye msiba, na siku hizi nasema wazi.

Wahariri, nawasihi: mkimtuma kijana kwenye ajali, mpigieni simu usiku ule, na msimuulize picha tu. Mpeni bima hata kama hana ajira. Mlipeni kwa wakati. Mpeni siku ya kupumzika kabla ya kazi inayofuata, na fedha ya kumwona mtaalamu kama anavyopewa fedha ya mafuta ya gari. Mengi katika hayo hayana gharama kubwa, na yangeokoa watu wenye vipaji ninaowafahamu, waliotundika kamera wakiwa bado vijana.

Nanyi vijana, andikeni jina la kila mnayempiga. Hifadhini hata picha ambazo mhariri amezikataa, kwa sababu ipo siku mtu atakuja kuulizia uso uliokuwa nyuma. Mkipita tena kijiji kile, pitieni na picha. Gharama ya karatasi haifiki bei ya soda. Gazeti litasomwa leo na kesho litafungia vitumbua, lakini aliyepigwa picha ana haki yake ambayo haiishi gazeti linapoisha. Kumtimizia haki hiyo ndiko kulikonitoa shimoni, zaidi ya tuzo na ukurasa wa mbele. Na mkizidiwa, semeni mapema, kwa mtu anayejua kusikiliza.

Mzee wangu bado yupo, macho yamepungua nguvu, lakini picha zangu anataka aletewe. Mimi niko kazini. Kazi hii ni nzito, ila inafanyika, na anayeifanya anaweza kubaki mzima. Mimi ni shahidi.