Adu, kwenye mabua ya mahindi

Kutoka Malindi tulivuka daraja la Sabaki tukaipa bahari mgongo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda bara ya Magarini. Marafa nilisimama kwenye ukingo wa Nyari, korongo lililochongwa na mvua na upepo, nikajionea maji yanavyoufanya udongo usio na cha kuushika. Kisha bodaboda, na vumbi hadi Adu.

Mwenyeji wangu, mama wa Kigiriama, hakungoja hata nikae. "Njoo uone, mwanangu." Shamba lake halikulimwa lote. Jembe lilipita kwenye vishimo vya kupandia tu. Kati ya mistari alitandaza mabua ya msimu uliopita, na kunde zikatambaa juu yake. Akainua bua moja. Udongo wa chini ulikuwa mweusi kwa unyevu, na nilipoufinya ukashikana kiganjani. Ng'ambo ya mpaka, kwenye shamba lililochomwa kisha likalimwa lote, niliokota vumbi kavu.

Maji ya kumwagilia ni ya bwawa, na ni haba. Mama huyaweka mpaka mahindi yachanue na kutoa ndevu, kwa sababu kiu ya siku hizo ndiyo inayoleta magunzi yasiyo na punje. Siku nyingine zote mahindi hunywa kile ambacho mabua yamekinga jua lisikichukue.

"Na mbuzi, mama?" nikamuuliza.

"Hao ndio kazi!" Mbuzi hufuata mabua mara tu mavuno yakiisha, na wanachoacha humalizwa na mchwa. Amezungushia miiba, na humpa jirani mwenye mifugo sehemu ya mabua ili nyingine ibaki. Nadhani mapatano hayo yana thamani kubwa kuliko mashine yoyote.

Magarini si ngeni kwa mambo makubwa. Miaka ya 1970 na 1980 Australia ilifadhili mradi wa makazi huku, tingatinga zikafyeka msitu. Mwaka 2014 serikali ikazindua Galana-Kulalu, mradi wa mahindi ya kumwagilia kwa maji ya mto. Mto una watu wake. Lakini mkulima aliye mbali na mto anahitaji afisa kilimo wa kumfundisha kutandaza mabua, tena kabla ya mvua za Aprili.

Nawe msomaji mwenye shamba huko Ramada, Marafa au Ganze: mabua ya msimu huu usiyachome.