Jina la Fisi

Muhula uliopita mhadhiri wetu wa isimu alitupa kazi ya kutafuta neno la Kiswahili lililosafiri nje ya Afrika Mashariki kisha likaturudia likiwa na sura nyingine. Wenzangu wengi walichagua "safari". Mmoja alichagua "jenga", kwa sababu ya ule mchezo wa vipande vya mbao. Mimi nilichagua "shenzi". Niliandika kurasa nne, nikapata alama nzuri, na mhadhiri akaandika pembeni kwamba mfano wangu una uhai. Hakujua uhai huo umetoka wapi, kwani kurasa zile hazikusema. Insha hii ndiyo niliyoificha siku ile.

Nimezaliwa na kukulia Rwezamenyo, jijini Kigali, kwenye mteremko ulio jirani na Nyamirambo na Biryogo. Ukilisikiliza jina la mtaa wetu kwa Kinyarwanda, utasikia ndani yake "amenyo", yaani meno. Ni upande wa mji ambako utotoni mwangu mtu aliamka kwa adhana, akanunua chapati kwa Kiswahili na kukata nauli kwa Kinyarwanda. Kiswahili kilifika huku pamoja na wafanyabiashara na askari wa enzi ya Wajerumani, na wakati wa Wabelgiji eneo la Biryogo likajulikana kama kambi ya Waswahili. Jina hilo halikuwa sifa. Hata leo mtu akisema kwa Kinyarwanda kwamba fulani ni "umuswahili", mara nyingi hamaanishi lugha yake. Anamaanisha ni mjanja, mwongo, mtu wa kuchungwa mkono usije ukaingia mfukoni.

Mimi niliitwa hivyo shuleni, nikiwa darasa la tatu. Penseli ya mtoto mmoja ilipotea, na kabla haijatafutwa chini ya dawati, macho yote yalikuwa kwangu. Penseli ilipatikana. Hakuna aliyeniomba radhi. Tangu siku hiyo nikawa nazungumza Kiswahili nyumbani tu, na kwa sauti ya chini, hata Bibi akaniuliza kama koo linaniuma.

Nyumba ya nne kutoka kwetu kulikuwa na chumba cha gemu. Usiku mwenye chumba alionyesha filamu za "agasobanuye", zile ambazo mfasiri anazungumza juu ya sauti za waigizaji, anaeleza kwa Kinyarwanda na kutia vichekesho vyake. Mchana aligeuza benchi, akawasha mashine kuukuu ya Sega, na sisi tukalipa sarafu ya faranga 50 kwa dakika 10. Alikuwa na kaseti chache. Moja tu ndiyo iliyotupiganisha: The Lion King.

Gemu hiyo ilitoka mwaka 1994, mwaka uleule wa filamu. Ilitengenezwa na Westwood Studios na kutolewa na Virgin, na inafuata hadithi ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho. Ina hatua kumi. Unaanza ukiwa Simba mtoto, unarukaruka juu ya wadudu na nungunungu, na unanguruma kwa sauti isiyomtisha mtu. Hatua ya pili unapanda mbuni, na nyani wanakurusha huku na huko. Lazima uwangurumie wageuke, la sivyo wanakutupa usikotaka. Hatua ya tatu ni makaburi ya tembo, wanakokaa fisi. Ya nne unakimbia mbele ya kundi la nyumbu. Huko mbele unakuwa simba dume, na mwisho kabisa unamkuta Scar juu ya mwamba. Kumpiga hakutoshi. Lazima umtupe chini.

Sisi tulikufa hatua ya pili. Tulikufa Jumatatu, tukafa Jumanne, na Ijumaa baada ya swala tukaja kufa tena. Nimesoma baadaye kwamba Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alieleza kuwa ugumu huo ulikuwa wa makusudi. Marekani wakati ule watu waliazima kaseti madukani kwa siku chache, na Disney haikutaka mtu aimalize gemu kabla ya kuirudisha. Alitakiwa akwame, atamani, kisha akanunue yake. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktabani. Hila iliyotegwa kwa watoto wa Marekani ilimlipia mwenye chumba wa Rwezamenyo kodi ya nyumba takriban miaka ishirini baadaye, faranga 50 kwa faranga 50.

Mwaka huo alihamia mtaani kijana wa rika letu. Alitoka kijijini, upande wa kusini, na mama yake aliuza nyanya na parachichi kwenye beseni, akizunguka mitaani. Kiswahili hakukijua. Sarafu hakuwa nayo. Kila siku alikuja akasimama mlangoni, bega kwenye fremu, akitazama. Zamu ya mtu ilipokaribia kwisha na mwenyewe amekata tamaa, yeye alisogea na kuuliza kwa upole kama anaweza kumalizia zile sekunde zilizobaki.

Anangoja mabaki. Hivyo ndivyo nilivyosema, mimi mwenyewe, mbele ya benchi zima. "Anangoja mabaki kama fisi." Na kwa kuwa filamu tulikuwa tumeiona usiku katika chumba hichohicho, na kiongozi wa fisi tulimjua kwa jina, jina likatoka kinywani mwangu bila kutafutwa: Shenzi.

Chumba kilicheka. Na yeye alicheka.

Msomaji asidhani hatukujua maana. Neno hilo limeingia hata katika Kinyarwanda cha mitaani, na halijawahi kuwa salamu. Lakini gemu ilitupa kisingizio kizuri sana. Siku ya pili mwenye chumba alipokunja uso, tulimjibu kwa pamoja: si tusi, ni jina la kwenye filamu. Wenyewe Wamarekani ndio waliolitoa. Kama Simba ni jina na Rafiki ni jina, kwa nini Shenzi lisiwe jina? Hoja hiyo ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa Mswahili wa chumba, mwanachuoni wa maneno. Kwa mara ya kwanza Kiswahili kilinipa heshima. Niliwaeleza wenzangu kwamba Sarabi ni mazigazi, maji ya uongo ya jangwani, na kwamba kupumbaa ni kubaki umeduwaa. Walinisikiliza. Kisha nikageuka mlangoni nikaita, "Shenzi, njoo uone!" naye akaja.

Siku moja alibahatika kupata sarafu. Tulimpisha ili tucheke. Alivuka hatua ya kwanza. Alivuka ya pili bila kukosea nyani hata mmoja, kwani alikuwa ameitazama kwa miezi miwili kupitia makosa yetu. Kwenye makaburi ya tembo sisi wote tulikuwa na desturi moja: tukimwona fisi tunamrukia, naye anatung'ata. Yeye hakumrukia. Alimkwepa kushoto, akamkwepa kulia, akarudi nyuma. Tulimpigia kelele apigane. Alisema kwa Kinyarwanda, bila kuondoa macho kwenye kioo, "Mngoje. Anachoka." Kweli, fisi alisimama akihema, ulimi nje, na hapo ndipo akamrukia.

Aliposhuka kwenye benchi nilimpa mkono. Nikamwambia, "Shenzi, wewe ni noma." Ndiyo sifa pekee niliyowahi kumpa, nayo ilianza na tusi.

Bibi alilisikia jina hilo wiki iliyofuata. Nilikuwa nje, naita kwa sauti kubwa kuelekea chini ya mteremko, "Shenzi! We Shenzi!" Nikahisi mtu nyuma yangu.

"Unamwita nani hivyo?"

"Rafiki yangu, Bibi. Ndilo jina lake. La kwenye gemu."

Bibi hakunipiga wala hakupandisha sauti. Aliniingiza ndani, akaketi kwenye mkeka, akaniambia niketi. Bibi alizaliwa Ujiji, akaja Kigali akiwa bibi harusi. Nilijua hivyo. Nisilolijua ni kwamba mama yake hakuwa mtu wa Ujiji mjini. Alikuwa Muha wa vijijini, aliyeolewa na mwungwana wa mjini. Mama wakwe, mashemeji, hata watoto wa jirani, walimwita "yule mshenzi". Si kwa hasira. Ndivyo Bibi alivyosisitiza: si kwa hasira. Walisema kama mtu anavyosema yule mrefu au yule mweupe. Mwungwana alikuwa mtu wa mji, wa kanzu na kitabu. Mshenzi alikuwa yeyote aliyekuja na matope miguuni. Walipomwita, mama yake aliitika "labeka".

"Aliitika miaka yote," Bibi alisema. "Akicheka. Alipokaribia kufa aliniambia, mwanangu, katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuniuliza naitwa nani."

Kisha akaniuliza, "Huyo rafiki yako anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Miezi mitatu nilikuwa nacheza naye.

Bibi aliniagiza niende siku hiyohiyo, nimwombe radhi mbele ya wale niliomwita mbele yao. Nilitoka. Nilifika hadi mlangoni kwa chumba cha gemu. Walikuwapo wote, naye alikuwa amesimama mahali pake, bega kwenye fremu. Nilinunua dakika 10 nikacheza. Niliporudi Bibi aliuliza, "Umemwambia?" Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Akasema alhamdulillahi, akanipa kipande kikubwa cha mkate wa sinia.

Bibi alifariki miaka sita baadaye akiamini jibu lile.

Katika kazi yangu ya isimu niliandika kuhusu "hakuna matata". Niliandika kwamba Disney iliomba kulisajili kuwa alama ya biashara mwaka 1994, na kwamba mwaka 2018 watu wengi walitia saini wakipinga Waswahili kunyang'anywa maneno yao. Nikauliza, kwa mtindo wa kitaaluma, mbona hakuna aliyetia saini kuhusu "shenzi". Neno moja lilienda Marekani likarudi limechapwa kwenye fulana. Lingine lilikuwa tusi la kumtenga mtu wa bara, likapewa fisi, na likarudi kwetu limesafishwa, tayari kutumiwa na watoto. Hiyo ndiyo aya ambayo mhadhiri aliisifu. Lakini neno halijisafishi lenyewe. Disney walimpa fisi. Aliyemtoa fisi akampa mtu ni mimi, mtoto niliyekuwa nimeitwa "umuswahili" kwa sauti hiyohiyo na kuyajua maumivu yake.

Yeye bado yuko Rwezamenyo. Anatengeneza simu kwenye kimeza kando ya barabara, na ni hodari; watu wanatoka mbali kumletea. Kiswahili anakizungumza vizuri sasa, cha wateja wa Bukavu na Bujumbura. Wengi wa rika letu bado wanamwita Shenzi, na vijana wadogo wameliiga jina bila kujua lilikotoka.

Baada ya kurudishiwa kazi yangu nilikwenda kwake. Kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka kweli, lakini ningeweza kwenda kwingine. Nilisubiri mteja aondoke. Nilimweleza yote: fisi, mabaki, Bibi, na ule uongo. Alikuwa ameshika bisibisi ndogo, anafungua simu yangu, na hakuinua kichwa.

"Nakumbuka siku uliyotumwa," alisema. "Nilimsikia bibi yako. Dirisha lenu lilikuwa wazi, nami nilikuwa nje nakuja, kwa kuwa uliniita."

Nilishindwa kusema kitu.

"Nikaenda kusimama mlangoni pa gemu kukungoja. Ukaja, ukacheza."

"Mbona ulikuwa unacheka, tulipokuita?"

"Nilitaka zamu," alisema.

Aliweka kioo kipya, akakibonyeza pembe zote nne kwa kidole gumba. Nilimwomba radhi. Sikuwa na ile hadhira aliyoitaka Bibi. Palikuwa na dereva mmoja wa pikipiki aliyekuwa akichaji simu, na sidhani alisikia. Yeye alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu. Kisha akasema bei. Hakunipunguzia hata faranga, nami nilishukuru kwa hilo.

Jina lake la kweli silitaji hapa, kwa kuwa hakuniruhusu nilichapishe. Lakini siku ile nilimuuliza, akaniambia, na sasa nikipita namwita kwa jina hilo. Mara mbili za kwanza hakugeuka. Hajazoea kulisikia kwa sauti yangu. Mara ya tatu aligeuka.