Breki Hazikufeli

Nilimwambia askari wa usalama barabarani kwamba breki zilifeli. Nilisema uongo, na uongo huo umo kwenye maelezo yenye saini yangu.

Gari lilikuwa langu, Noah ya abiria kati ya Mbinga mjini na Mbamba Bay. Dereva alikuwa mpwa wangu. Leseni yake ilikuwa halali, ila ya daraja D, ya gari binafsi. Kubeba abiria kwa nauli kunataka daraja C. Nilijua. Nilijua pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimbani dereva peke yake. Inamkataza na mwenye gari kumkabidhi usukani asiye na leseni ya gari hilo. Lakini mwenye daraja C angedai mshahara, na kijana huyu aliridhika na posho. Nikampa funguo.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mimi ndiye niliyemfundisha kuweka nyutro mteremkoni ili kuokoa mafuta. Mji wa Mbinga umekaa kwenye milima ya Wamatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mbamba Bay iko kando ya ziwa, kwenye kimo kisichofika mita 500. Tofauti hiyo unaishuka katika kilomita zisizofika 70, tena kwa kona kali. Zamani tope na mashimo vilitupunguza mwendo tupende tusipende. Ilipokuja lami, ikabaki akili ya dereva, nami ya kijana huyu nilikuwa nimeshaipotosha. Gari likiwa kwenye gia nzito, injini yenyewe hulizuia. Ukiweka nyutro, uzito wote unaangukia breki: zinashika moto, mafuta yake yanachemka, pedali inazama bila kushika kitu. Aliyefunzwa kuendesha gari la abiria milimani anajua kwamba gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Mpwa wangu alikuwa na maneno yangu tu.

Gari lilishindwa kona, likagonga ukingo wa udongo upande wa mlima. Upande wa pili ni korongo, na sipendi kulifikiria. Ndani walikuwamo akina mama waliokuwa wakishuka ziwani kununua dagaa waitwao usipa, ndoo zao zikiwa tupu. Mmoja alivunjika paja. Biashara aliyosomeshea watoto ikasimama.

Nilipokwenda kumjulia hali hospitalini nilimwambia na yeye kwamba ni breki. Akanijibu, "Ni mipango ya Mungu, baba." Nikaitikia. Hapo ndipo ninapoumia kuliko kwenye maelezo ya polisi: nilimwacha mgonjwa amtwishe Mungu kosa langu, nikaondoka nikiwa nimeshukuriwa kwa kuja.

Breki zile zilikuwa nzima gari lilipoondoka stendi. Nimerudi kwa mama yule na kumweleza hivyo mbele ya wanawe, na matibabu yake ni juu yangu. Polisi nimeomba maelezo yangu yaandikwe upya. Mpwa wangu asibebeshwe peke yake jambo nililomfundisha mimi.

Wenye magari wenzangu wa Mbinga, Mbamba Bay na Liuli, ishikeni leseni ya dereva wenu mkononi, msome daraja lililoandikwa, kisha mwulizeni anashuka mlima kwa gia gani. Akishindwa kujibu, gari lilale nyumbani.