Haki ya Majeruhi

Katika Kiswahili neno ajali lina maana mbili zinazokaa nyumba moja bila kugombana. Maana ya kwanza, ambayo neno lilikuja nayo kutoka Kiarabu, ni muda uliokadiriwa, siku ya mtu isiyosogea mbele wala nyuma. Maana ya pili ni tukio la ghafula liletalo madhara: gari kupinduka, mti kuanguka, pikipiki kumgonga mpita njia. Kwa kuwa maana hizi ni jirani, mtu aliyevunjwa mguu barabarani husikia hukumu ikitolewa kabla damu haijakauka: "Ilikuwa ajali tu." Hukumu hiyo haina hakimu wala rufani. Imani ya kwamba kila jambo lina kadari yake ni imani njema, nayo imewafariji wengi. Lakini kadari haikushika usukani, haikukimbiza chombo kwenye kona, wala siyo iliyoacha kukata bima.

Kang'ata ni kata ya wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, katika nchi ya Wazigua. Watu wake wengi ni wakulima wa mahindi, na katika vilima vya upande huo, hasa Magambazi, wako wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mahali pa namna hii, penye njia nyingi za vumbi na magari machache, bodaboda imekuwa miguu ya kila mtu. Hupeleka mgonjwa zahanati, gunia sokoni, na mgeni kwa mwenyeji wake usiku wa manane. Asiyeisifu hajapata kutembea saa tatu juani na mtoto mgongoni. Hata hivyo chombo hichohicho kimejaza wodi za mifupa, na aghalabu anayelala kitandani si dereva peke yake, bali pia mtu aliyekuwa akitembea zake kando ya njia.

Na afikiriwe mwanamke mmoja mkulima, aliyetoka shambani jioni na jembe begani. Pikipiki inatokea nyuma yake, inamkumba, na mguu wake wa kulia unavunjika chini ya goti. Dereva ni kijana wa kitongoji cha pili, mtoto wa watu wanaojulikana. Pikipiki si yake. Ni ya tajiri mmoja aliye mjini, ambaye kijana humpelekea hesabu kila siku, na kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho ujira wake. Bima ya pikipiki hiyo imekwisha muda wake miezi mingi iliyopita. Tajiri alidhani kijana atailipa. Kijana alidhani tajiri amekwisha ilipa. Na kati ya dhana hizo mbili ndipo mguu wa mtu wa tatu ulipopita.

Mtu wa tatu ni jina ambalo sheria imempa. Sheria ya bima ya magari, ambayo ni Sura ya 169 ya sheria za Tanzania, ni urithi wa zama za ukoloni, na shabaha yake si kumlinda mwenye chombo bali mtu asiyehusika na chombo hicho kwa lolote. Inamkataza mtu kukitumia barabarani chombo cha moto, au kumruhusu mwingine akitumie, pasipo bima ya namna hiyo. Msomaji alipime vema neno kumruhusu. Halimwachi tajiri aketi mjini akipokea hesabu huku akisema kwamba ya barabarani hayamhusu. Mvunja sheria hii hushitakiwa na hutozwa faini. Lakini faini huingia katika hazina ya Serikali. Haimfungi mtu bendeji, haimlimii shamba, wala haimlipii nauli ya kwenda Handeni mjini kutazamwa mfupa. Wako majeruhi wengi waliongoja kesi ya trafiki imalizike wakiamini kwamba hiyo ndiyo kesi yao. Mahakama ya jinai yaweza kuamuru fidia, lakini kazi yake hasa ni adhabu. Kesi ya majeruhi ni nyingine, ya madai, nayo haijifungui yenyewe.

Siku ya nne baada ya tukio wazee wanafika nyumbani kwa yule mwanamke. Hawakuja kwa ubaya. Wamebeba sukari, pole, shilingi laki mbili zilizochangwa na ndugu za kijana, na karatasi moja.

"Binti yangu," anasema mkubwa wao, "kijana huyu ni mtoto wako pia. Ukimpeleka mbele, mama yake atauza shamba. Yaishe hapa nyumbani."

Karatasi inasema kwamba amepokea fedha hizo, amesamehe, wala hatadai tena kitu chochote kwa mtu yeyote.

Hapa ndipo pana kiini cha jambo. Wazee hawa hawasemi uongo. Mama wa kijana atauza shamba kweli, na mwanamke huyu atakutana naye kisimani, msibani na arusini kwa miaka yote iliyobaki. Bima ilibuniwa ili kuondoa ugumu huu. Palipo na bima, majeruhi hadai kwa jirani. Hudai kwa kampuni iliyokwisha pokea fedha za maelfu ya wenye vyombo ili imlipe mmoja atakayeumia. Kijana hafilisiki, mwanamke halali njaa, na salamu za kisimani hazikatiki. Bima inapokosekana, deni lililokuwa la wengi huwa la mtu mmoja maskini, na haki huonekana kama ukatili. Ndiyo sababu asiye na bima humnyang'anya majeruhi kitu kikubwa kuliko fedha: humnyang'anya uwezo wa kudai bila kuwa adui wa mtu.

Hata hivyo mlango haujafungwa. Kama dereva alikuwa akifanya kazi ya tajiri, kwa chombo cha tajiri na kwa faida ya tajiri, sheria yaweza kumtwika tajiri uzembe wa dereva wake. Tajiri atajitetea; pengine atasema kwamba pikipiki aliitoa kwa mkataba, na kwamba kijana ni mkodishwaji, si mtumishi. Hayo ni ya mahakama kuamua kwa ushahidi. Lakini ushahidi lazima uokotwe mapema: namba ya chombo, majina ya walioona, taarifa ya polisi, fomu ya PF3 iliyojazwa na daktari, na kila stakabadhi ya dawa na nauli, kwa maana gharama zisizo na karatasi ni shida kuzithibitisha. Namba ya chombo ndiyo ufunguo, kwa sababu kwayo hujulikana jina lililo katika usajili. Ingawa pikipiki huuzwa mkono kwa mkono vijijini, na jina hilo mara nyingine ni la mtu aliyeiuza zamani na kuisahau. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu, kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971. Asiye na fedha za wakili aweza kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo imewatambua pia wasaidizi wa kisheria walio karibu na wanavijiji. Na akishinda, bado ana kazi ya kukaza hukumu, ambayo ni kutafuta mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa. Kijana asiye na mali hakaziki. Tajiri mwenye pikipiki tatu hukazika.

Nchi nyingine zilikwisha tambua kwamba si haki kumwachia majeruhi mzigo huu peke yake. Uingereza ililazimisha bima ya mtu wa tatu mwaka 1930, ikaona kwamba lazima haikuwafanya wote walipe. Mwaka 1946 makampuni ya bima yakaunda ofisi ya pamoja ya kuwalipa watu walioumizwa na madereva wasio na bima. Afrika ya Kusini ilishika njia nyingine: mfuko wake wa ajali za barabarani, wa sheria ya mwaka 1996, hulishwa na tozo ya mafuta, hata kila ajazaye tangi huwa amekwisha changia mguu wa mtu asiyemjua. Tanzania nayo hutoza mafuta kwa ajili ya barabara, na Mfuko wa Barabara hutengeneza njia na madaraja kwa tozo hiyo. Barabara ikibomoka inao mfuko wa kuitengeneza. Mfanyakazi aliyeajiriwa naye, akiumia kazini, anao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mkulima wa Kang'ata hana mwajiri ila mvua.

Basi wazee wale wajibiwe nini? Kuwafukuza ni kosa, kwa kuwa suluhu ya nyumbani ina heshima yake, na laki mbili leo ni dawa leo. Kosa limo katika karatasi. Mwanamke aweza kupokea fedha na kuandika, mbele ya mashahidi, kwamba ni malipo ya awali ya matibabu, na kwamba madai yake juu ya mwenye chombo yanabaki. Maneno hayo machache yanamtenga kijana na tajiri wake, na hata mama wa kijana hana sababu ya kuyachukia.

"Mzee wangu," anasema mwanamke, akiirudisha kalamu, "fedha nazipokea, na mtoto nimemsamehe. Lakini hapa mmeandika mtu yeyote. Huyu yeyote ni nani, mbona hakuja kunipa pole?"

Wazee wanatazamana. Mmoja wao anaomba karatasi nyingine.