Umetoka JKT, Cheti cha Polisi Kimeisha Muda: Soma Hii Kabla Hujaitwa Usaili

Leo niongelee kitu ambacho vijana wengi waliopita JKT wanakijua ila hawakisemi: tabia njema ina tarehe ya kuisha. Siyo tabia yenyewe, namaanisha karatasi yake.

Mimi nilijitolea miaka miwili Rwamkoma, kule Butiama. Nilitoka na cheti cha JKT, na hicho hakiozi. Hata baada ya miaka kumi kitasema ulipiga kwata, ukalima, ukakesha lindoni. Shida ni kile cha polisi, cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu. Hicho kinakusemea mpaka siku kilipotolewa, basi. Kesho yake ukiiba kuku, chenyewe hakina habari. Ndiyo maana mwajiri anataka kipya, na kwa kazi ya ulinzi ana haki, maana anakukabidhi geti, funguo na pengine bunduki.

Changu kilikuwa na miezi kumi na moja pale kampuni moja ya ulinzi iliponiita Musoma. Mbio nikapita, maswali nikapita. Mzee wa ofisini akageuza karatasi, akasoma tarehe.

"Mura, hiki kimeshalala. Lete kipya ndani ya siku saba."

Sasa piga hesabu na mimi. Hiki cheti hakigongewi muhuri wa kuongeza siku. Unaomba upya, unalipia upya, vidole vinachukuliwa upya. Kwetu ni Bunda, kwa hiyo weka nauli ya kwenda na kurudi Musoma, barua ya mtendaji, picha za pasipoti, fotokopi na cha kula njiani. Hela yote ilitoka kwenye dagaa za mama. Na cheti chenyewe hakitoki hapo hapo unapoweka vidole, uhakiki unafanyika kwanza. Siku saba zikaisha, nafasi akapewa mwenzangu wa hanga moja. Simlaumu, naye ana watoto.

Kinachouma ni kwamba asiye na kazi ndiye anayelipia kuthibitisha uaminifu wake, tena na tena. Kuhusu ajira tuliambiwa mapema jamani, matangazo ya kujitolea huwa yanasema wazi kwamba JKT haitoi ajira wala haimtafutii mtu ajira. Tulisikia wote. Ila ukipanda gari kutoka Butiama kwenda Makutano na begi lako, nyumbani wanakusubiri kama mtu aliyeshapata.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Yasiyoisha muda yamalize mapema: cheti cha kuzaliwa, cha shule, namba ya NIDA, na cha JKT kitunze vizuri. Cha polisi kiombe pale unapoanza kutuma maombi kwa kasi, halafu tuma mengi kwa mpigo kingali kibichi. Na ukiitwa, uliza mapema: mnataka cha miezi mingapi? Kama nimeshaomba kipya, mnapokea risiti wakati nasubiri? Wapo wanaopokea, ila usipouliza hakuna atakayekwambia.

La mwisho ndilo lililoniokoa. Cheti kipya kilipofika nilituma maombi sehemu tano. Sehemu moja wakaniita, wakatazama karatasi, wakaridhika nayo. Halafu wakauliza: "Tangu utoke jeshi, ulikuwa wapi?"

Hilo hakuna cheti kinachojibu. Miezi yote ile nilikuwa Mwigobero, mchana nabeba magunia, usiku nalinda stoo ya mama mmoja wa dagaa. Nikawapa namba yake. Wakampigia hapo hapo nikiwa nimekaa mbele yao, moyo unadunda. Sauti yake ilisikika mpaka kwangu: "Huyo? Huyo nilimwachia funguo nikaenda msibani wiki nzima, nikarudi nikakuta gunia zangu zote."

Nikaanza kazi Jumatatu.

Wewe unayetoka hivi karibuni, kibarua chochote utakachopata, kifanye vizuri hata kama ni cha aibu. Na namba ya simu ya uliyemfanyia iweke kwenye bahasha moja na vyeti vyako.