Mgeni wa Mwalimu

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni aliyepokelewa Jumamosi moja nyumbani kwa mwalimu mstaafu, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, hakuwa na miguu wala mdomo. Lilikuwa hodhi kubwa la maji moto, lenye viti vinne ndani na pampu ubavuni. Mwanawe, mfanyabiashara wa Migori, alilinunua kutoka nyumba ya wageni iliyokuwa ikiuza vyombo vyake. Kwa miaka mingi baridi yabisi ilikuwa imeyatesa magoti ya mama huyo, na kuyakanda kwa maji ya uvuguvugu ndiko kulikompa nafuu. Mwana aliona beseni na kitambaa havimstahili mzazi aliyemlea peke yake. Akaazimia kumletea ziwa lake mwenyewe.

Lori lilitoka Migori alfajiri, likashika barabara kuu hadi Rongo, kisha likaiacha na kuelekea ziwani. Vijana wanane walilishusha hodhi uani. Majirani walipiga vigelegele, na jamaa wakaalikwa kwa sherehe ya kesho yake.

Jioni alifika fundi wa umeme. Hakuligusa hodhi. Aliuliza ilipo mita, akafungua kisanduku cha fyuzi, akazifuata nyaya ukutani kwa macho, kisha akaomba kiti.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "mgeni wako ni mlafi."

Akaeleza. Hodhi lile lilichukua lita 1,200, yaani kilo 1,200 za maji kabla ya mtu yeyote kuingia; udongo wa uani ungetitia. Kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 24 hadi 38 kungehitaji takriban uniti 20 za umeme. Kipasha-joto na pampu vingevuta zaidi ya ampea 30, ilhali nyaya za nyumba zilitandazwa kwa ajili ya taa, redio na televisheni. La kutisha zaidi, nyumba haikuwa na waya wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Umeme unapoikosa njia hiyo, mwili uliolowa maji huweza kugeuka njia.

"Unganisha kwa kesho tu, fundi," mwana alisihi. "Mengine tutayatazama baadaye."

Jamaa mmoja akadakia kwamba alimjua kijana ambaye angeliunganisha usiku uleule, bila hata kupitia kwenye mita. Kimya kikatanda. Mwana akamtazama mamaye kwa macho ya kuomba ruhusa.

"Mwanangu," mama alisema, "insha isiyo na utangulizi niliikataa maisha yangu yote ya ualimu. Hii nitaikubalije?"

Sherehe ikafanyika bila hodhi. Kwa majuma matatu likakaa chini ya turubai. Kuku wakataga kando yake, na waliopiga vigelegele wakaanza kucheka chinichini. Mwana alihesabu gharama kwa uchungu: sakafu ya zege, kebo nene, fimbo ya shaba ya kuzikwa ardhini, na swichi ya kukata umeme pindi unapovuja kiasi cha milliampea 30. Jumla ilipita bei ya hodhi lenyewe. Alikuja Homa Bay kila Jumamosi, akasimamia kazi bila kusema mengi.

Siku moja mama alimkumbusha chemchemi za maji moto za Milima ya Homa, ambako maji hutoka ardhini bila mita wala ankara.

"Hata yale ya bure," alisema, "huwezi kuyatumbukia kabla ya kuyapima kwa kidole."

Mwana akacheka, kwa mara ya kwanza tangu lori lilipoondoka.

Kazi ilipokamilika, fundi alibonyeza kitufe cha majaribio. Swichi ikakata kwa mlio mdogo. Akairudisha, akabonyeza tena, ikakata tena. Ndipo alipotabasamu. Maji yakaachwa yapate moto tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa likielekea kuchwa. Mama akamshika mwanawe mkono, akatumbukiza kidole kwanza, kisha mguu, kisha goti lililomtesa zaidi. Alifumba macho, akakaa kimya kitambo kirefu.

Lori lilikuwa limemshusha mgeni majuma matatu yaliyopita. Jioni hiyo ndipo alipofika.