Miaka 20 niliyompa mtoto wa mtu

Jamani, leo nakiri kosa, na hakuna mwendesha mashtaka wa kunipunguzia.

Miezi kadhaa iliyopita niliandika stori ya aya sita: kijana wa Kitanzania anayeishi Marekani amekiri kutapeli watu kwa njia ya mtandao na "anakabiliwa na kifungo cha miaka 20 jela". Mhariri akaipenda, ikatoka ukurasa wa tatu. Mimi nikaenda zangu kula chipsi mayai.

Kesho yake nikaitwa mapokezi. Amekaa mama mmoja, gazeti kalikunjia ndani ya khanga. Alikuwa mama mzazi wa yule kijana. Hakuja kugomba. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, mimi nina miaka 66. Hiyo 20 nitaifikisha?"

Nikakosa jibu. Ile 20 niliiokota mstari wa mwisho wa taarifa ya waendesha mashtaka. Ni kiwango cha juu kabisa ambacho sheria inaruhusu kwa utapeli ule, yaani dari. Haikuambii mtu wako atafungwa muda gani, kama vile 180 iliyoandikwa kwenye spidomita ya daladala isivyokuambia utafika Mbagala saa ngapi.

Nikamwomba mama siku mbili. Usiku ule nikalitafuta faili la mahakama na kusoma makubaliano ya kukiri kosa neno kwa neno. Hapa kwetu makubaliano ya namna hii yaliingizwa kwenye sheria mwaka 2019. Kwa wenzetu ni jambo la kila siku: katika mahakama za shirikisho, zaidi ya 9 kati ya 10 ya wanaotiwa hatiani huwa wamekiri wenyewe. Katikati ya yale makubaliano nikakuta aya yenye hesabu za darasa la nne.

Ziko hivi. Marekani wana kitabu cha mwongozo wa adhabu kilichoanza kutumika 1987. Ndani yake kuna jedwali: upande mmoja ngazi za uzito wa kosa, 1 hadi 43, na upande wa pili makundi 6 ya rekodi ya mshtakiwa. Vinapokutana ndipo unasoma miezi. Utapeli wa kijana wetu unaanzia ngazi ya 7. Pande zote mbili zilikadiria kuwa hasara imezidi dola 550,000, ongeza 14. Zinakuwa 21. Amekiri mapema na kuwajibika, toa 3. Zinabaki 18. Rekodi yake ina pointi 1, ya kuendesha gari akiwa amelewa, kwa hiyo yuko kundi la kwanza. Ila pointi hiyo hiyo ilimnyima punguzo la ngazi 2 ambalo tangu Novemba 2023 anaweza kupewa mtu asiye na pointi hata moja. Pombe hizi!

Ngazi ya 18, kundi la kwanza: miezi 27 hadi 33. Miezi, ndugu zangu! Mimi nilikuwa nimempa miaka 20.

Mama aliporudi nikamwandikia hesabu yote kwenye karatasi. Akaishika kwa mikono miwili. "Kwa hiyo ni miezi 27?"

Nilitamani kusema ndiyo. Lakini aya iliyofuata ilisema wazi kwamba hayo ni makadirio tu. Ofisa wa probesheni atafanya hesabu yake, na jaji atafanya yake. Tena, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Booker mwaka 2005, jaji lazima auhesabu mwongozo ila halazimiki kuufuata, anaweza kushuka au kupanda. Na makadirio yakikosewa, mshtakiwa haruhusiwi kufuta kukiri kwake. Yako makubaliano mengine ambayo jaji akiyakubali tu, adhabu iliyomo inamfunga. Ya kijana huyu hayakuwa ya aina hiyo.

"Mama," nikamwambia, "ni kama fundi anapokukadiria gharama za nyumba."

Akacheka kidogo. "Basi nimeelewa. Sijapata kuona fundi aliyekadiria ikapungua."

Na kweli. Ofisa wa probesheni alikuta fedha nyingine zilizopotea kwa mchezo ule ule, hasara ikapita dola milioni 1.5. Badala ya kuongeza 14 ikawa 16. Ngazi ya 20: miezi 33 hadi 41. Waendesha mashtaka hawakuvunja ahadi, walibaki na makadirio yao, lakini jaji alikubaliana na ofisa. Akatoa 33. Huko hakuna parole kwa makosa ya shirikisho. Ukiwa na tabia njema unaweza kupunguziwa hadi siku 54 kwa mwaka.

Sisemi kijana kaonewa. Kuna watu wamepoteza akiba zao. Ninachosema ni kwamba namba niliyoiandika ilikuwa ya kweli, na bado ilimdanganya kila aliyeisoma.

Stori yangu ya hukumu ilipewa aya mbili, ukurasa wa 11. Siku hizi kabla sijaandika "anakabiliwa na" natafuta kwanza ile aya ya hesabu, na nikiipata naandika wazi kuwa ni makadirio. Mhariri analalamika kwamba stori zangu zimekuwa ndefu.

Mama ameibandika karatasi ile ukutani, karibu na kalenda. Kaikata 27 kwa kalamu, kaandika 33.